Vizibo vya machozi: mwongozo kwa wenye macho makavu, kutoka Lamu

Mamangu hushona kofia za vito. Kofia moja humchukua miezi, kwa sababu kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi ukingoni, kimoja baada ya kimoja, mpaka kitambaa cheupe kijae vitundu usivyoweza kuvihesabu kwa kutazama tu. Huifanya kazi hiyo uani, penye mwanga, kichwa kimeinama. Miaka michache nyuma akaanza kuiweka chini kabla ya adhuhuri. "Mato yangu yangiye mtanga," akisema, nami nikimfunua kope na kumwangalia sioni hata chembe.

Haukuwa mchanga. Yalikuwa macho makavu, na hadi kufikia vizibo vya machozi, vijidude vinavyoziba vitundu machozi yanapotokea jichoni, tulizunguka karibu miaka miwili. Tulinunua matone yasiyomfaa, na mara moja tuliuziwa dawa ambayo ingeweza kumpofusha. Mimi si daktari. Mimi ndiye niliyemshika mkono kupanda na kushuka boti, niliyekaa naye kila chumba cha kungojea na kuuliza maswali. Nayaandika niliyojifunza kwa mpangilio ambao laiti tungalijua tangu mwanzo, ili wewe uliye Lamu, Malindi au kwingine ufike kwa njia iliyo fupi kuliko yetu.

Kabla ya yote: jicho na birika

Waliokulia nyumba za kale za Lamu wanalijua birika. Maji huingia juu, wewe huchota kwa kata, na chini kuna tundu la kutolea maji wakati wa kuliosha. Tundu hilo likiachwa wazi, hata umimine ndoo ngapi, asubuhi utakuta sakafu ya birika inang'aa kwa ukavu.

Jicho nalo lina mtindo huo. Tezi ya machozi imekaa upande wa juu, nje, chini ya mfupa wa nyusi. Inatoa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na kila ukipepesa, kope huyatandaza juu ya kioo cha jicho. Maji hayo hayako peke yake. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke kwa upepo, na chini yake kuna ute unaoyashikiza jichoni. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope, nyuma kidogo ya nywele zake.

Sasa chukua kioo, simama penye mwanga, uivute kidogo kope ya chini upande wa pua. Utaona kinundu kidogo, na juu yake nukta kama aliyochoma mtu kwa ncha ya sindano. Hicho ndicho kitundu cha machozi. Kope ya juu inacho chake, kwa hiyo kila jicho lina viwili na mtu mzima ana vinne. Upana wake ni kama milimita 0.2 hadi 0.5. Machozi yaliyotumika huingia hapo, yakapita mfereji mwembamba hadi kwenye mfuko wa machozi, kisha yakashukia puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi, na ukitiwa dawa jichoni uchungu wake unausikia kooni.

Kizibo cha machozi ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama kinachowekwa kwenye kitundu hicho ili machozi yakae jichoni muda mrefu zaidi. Daktari Mmarekani aitwaye Freeman alieleza kizibo cha silikoni mwaka 1975, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: kichwa bapa kinachobaki nje, shingo nyembamba, na ncha pana kidogo inayokizuia kisichomoke.

Kizibo kinazuia maji yasitoke. Hakitengenezi maji, wala hakisafishi maji machafu. Mengi ya makosa tuliyoyafanya yalitoka kwa kutolijua hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukavu kweli

Dalili zake ni hizi: kuhisi mchanga, kuungua, wekundu, macho kuchoka mapema, maandishi kufifia kisha kurudi ukipepesa. Iko dalili moja inayowapoteza wengi, nayo ni machozi mengi. Mamangu alikuwa akitoka nje wakati wa kaskazi, machozi yanamtiririka hadi mashavuni, na kila jirani akimwambia, "Bi mkubwa, macho yako yana maji mengi, vipi yawe makavu?" Jicho kavu hukereka, na likikereka tezi hufungulia maji kwa ghafla kama mtu aliyetiwa moshi. Maji hayo ya ghafla hayana mafuta ya kutosha, hivyo humwagika na kuondoka, na jicho likabaki kavu vilevile.

Yapo mambo yasiyongoja mwongozo wowote: maumivu makali, mwanga kukuchoma, kuona kupungua ghafla, usaha, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au jicho lililopigwa au kuingiwa na kemikali. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto mdogo mwenye macho makavu ambaye haoni vizuri magharibi ikiingia anaweza kuwa amepungukiwa na vitamini A. Huyo apelekwe upesi, habari ya vizibo haimhusu.

Hatua ya 2: Tafuta kinachokukausha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pwani yetu ina vikaushio vyake.

Upepo kwanza. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, vumbi la vichochoroni, samadi kavu ya punda na chumvi ya bahari vyote huishia machoni. Anayevuka kwa boti kwenda Mokowe, au anayepanda bodaboda Malindi, avae miwani inayokumbatia pembeni, si ile ya kupambia uso. Ndani ya nyumba, feni isikuelekee usoni usiku kucha. Mamangu alikuwa akilala na feni ya mezani kwenye kimo cha kichwa. Tulipoigeuza ipulizie miguuni, asubuhi zake zilibadilika kabla ya dawa yoyote.

Pili, moshi na wanja. Najua udi ni heshima ya nyumba, na sikuombi uuache. Ila chetezo kipitishwe chumbani mwenye macho makavu akiwa nje, naye aingie moshi ukishatulia. Wanja unaopakwa ndani ya ukingo wa kope unakaa juu ya midomo ya tezi za mafuta na kuiziba, na baadhi ya wanja wa kienyeji umepimwa ukakutwa na madini ya risasi. Ukishindwa kuuacha, upake nje ya nywele za kope, na uuoshe kabla ya kulala.

Tatu, kukodoa macho. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akitazama simu, kompyuta au sindano, hushuka hata chini ya nusu. Siku moja nilikaa kando ya mamangu na saa mkononi: katika dakika nzima ya kuzungushia uzi kitundu kimoja cha kofia alipepesa mara nne. Tangu hapo ana desturi yake. Kila akifunga uzi, hufumba macho kabisa mara tano, taratibu, kope zikutane, ndipo huendelea.

Nne, dawa unazokunywa. Dawa nyingi za mzio na mafua, baadhi za presha, na baadhi za msongo wa mawazo hupunguza machozi. Usiache dawa ya presha kwa kusoma maneno yangu. Beba paketi zote uende nazo kwa daktari.

Umri nao una sehemu yake, hasa kwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Na kama pamoja na macho makavu una kinywa kikavu kiasi cha kushindwa kula mkate bila chai, na viungo vinauma, litaje jambo hilo bila kuulizwa. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, uitwao Sjögren kwa jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Mwenye nao mara nyingi hufaidika na vizibo, lakini anahitaji pia matibabu ya mwili mzima.

Hatua ya 3: Matone na kitambaa cha moto, kwa wiki kadhaa

Hakuna daktari mwangalifu atakayekimbilia kizibo kabla ya haya. Wataalamu wa TFOS, jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia machozi na uso wa jicho, katika ripoti yao ya 2017 kuhusu macho makavu, waliviweka vizibo kwenye ngazi ya pili ya tiba, baada ya mazingira, usafi wa kope na machozi ya bandia.

Machozi ya bandia ni matone ya kulainisha. Soma chupa utafute majina kama hipromelosi, kaboksimethiliselulosi au haialuroneti. Ukitia mara nne kwa siku au pungufu, chupa ya kawaida inafaa. Ukihitaji zaidi ya hapo, tafuta isiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi kinachotumika sana, benzalkonio, chenyewe hukera jicho kikitiwa mara nyingi.

Tia tone moja tu. Jicho hubeba kama mikrolita 7 za machozi, ilhali tone moja la chupa lina 30 hadi 50. La pili linamwagikia shavuni, na wewe umemwaga pesa. Ukishatia, fumba jicho na ubonyeze kwa upole pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika moja hivi. Hapo umekifunga kitundu kwa kidole, na umeonja kidogo kazi ya kizibo.

Kitambaa cha moto ni cha tezi za mafuta. Chovya kitambaa safi cha pamba katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwenye kifundo cha mkono, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, ukikichovya tena kila kinapopoa. Kisha sugua kope polepole kwa kidole: ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, ili mafuta yaliyoganda yatoke ukingoni. Malizia kwa kupangusa mizizi ya nywele za kope kwa pamba na maji safi. Asubuhi na jioni, kwa mwezi mzima. Inachosha, na siku tatu za mwanzo utaona kama hakuna kitu. Endelea.

Usitie asali, maziwa ya mama, maji ya limau wala chai. Najua nani atakushauri, na najua anakupenda. Usitie.

Na hili naliandika kwa uzito wote. Duka moja la dawa lilituuzia chupa ndogo bila cheti wala swali. Siku ya pili wekundu ukaondoka, mamangu akamwombea dua muuzaji, tukanunua ya pili na ya tatu. Ilikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Daktari wa macho alipoiona baada ya wiki sita alinyamaza, akaiweka mezani, akapima presha ya jicho. Ilikuwa imepanda. Steroidi inayotiwa ovyo inaweza kuleta glakoma, ambayo huiba kuona kimyakimya, na inaweza kuharakisha mtoto wa jicho. Madaktari huitumia kwa ukavu wenye uvimbe, ni kweli, ila kwa muda mfupi na kwa kupima. Ya mamangu ilishuka baada ya kuiacha, alhamdulillahi. Soma chupa kabla ya kulipa, na ukiona neno linaloishia na "soni" au "loni", uliza.

Hatua ya 4: Vipimo

Anza na hospitali iliyo karibu. Kwetu ni King Fahd hapa mjini, na watu wa Malindi wana yao ya serikali. Omba kumuona mhudumu wa macho, akupe barua ya rufaa. Mombasa iko Lighthouse for Christ, hospitali ya macho ya miaka mingi, na ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kusini, iko Kwale Eye Centre.

Hospitali yoyote utakayoichagua, piga simu kabla ya kusafiri, uulize mambo matatu: kama daktari wao hutia vizibo vya machozi, kama vipo siku hiyo au huagizwa, na kama bei ni ya kizibo kimoja au ya jozi. Uliza pia kama SHA, bima ya afya ya serikali, au bima yako nyingine inachangia. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Kutoka Malindi ni kama 120. Si safari ya kwenda kubahatisha. Nenda na mtu, kwa sababu ukitiwa dawa ya kupanua mboni hutaona vizuri kwa saa kadhaa. Ndani ya basi, funga tundu la hewa baridi lililo juu ya kichwa chako.

Huko utafanyiwa vipimo viwili vikubwa. Cha kwanza ni cha Schirmer: kijikaratasi chenye alama za milimita kinakunjwa ncha na kuning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano. Nilikitazama cha mamangu kwa karibu. Karatasi za jirani aliyekaa benchi moja naye zililowa haraka hata nikaona aibu kwa niaba yetu. Za mamangu, unyevu ulishuka kwa kusuasua, ukafika alama ya 4 jicho la kulia, 5 la kushoto, ukakomea hapo. Chini ya 10 ni dalili ya upungufu, na 5 kushuka chini ni ukavu mkali.

Cha pili hutiwa rangi ya njano iitwayo fluoresini, na ukaangaliwa kwa mwanga wa buluu. Machozi hung'aa kijani. Unaambiwa usipepese, na daktari anahesabu sekunde mpaka utando wa kijani utoboke matundu meusi. Ukitoboka kabla ya sekunde 10, utando hauna uimara. Rangi hiyohiyo huonyesha pia michubuko kwenye kioo cha jicho.

Vipimo hivi viwili ndivyo vinavyokuambia kama kizibo kinakufaa. Ikiwa maji ni machache, kama ya mamangu, kuziba kunaleta maana. Ikiwa maji yapo ila mafuta ndiyo mabovu, kazi kubwa ni ya kitambaa cha moto. Na ikiwa kope zimevimba na kuwasha, lazima uvimbe utulizwe kwanza, kwa sababu ukiziba tundu la birika lenye maji machafu, unayahifadhi machafu. Sisi tulirudishwa nyumbani wiki sita kwa sababu hiyo. Nililalamika njia nzima, na daktari ndiye aliyekuwa na haki.

Wako pia wasiofaa kuzibwa: mwenye maambukizi ya jicho au ya mfuko wa machozi, mwenye mzio na kilichotengenezea kizibo, na mwenye kope iliyopinduka nje, mpaka ipatiwe tiba yake.

Hatua ya 5: Chagua kizibo pamoja na daktari

Viko vya kuyeyuka na vya kudumu. Vya kolajeni huyeyuka ndani ya siku chache, mara nyingi chini ya wiki mbili, na hutiwa kwa majaribio. Viko vingine vya kuyeyuka vinavyokaa miezi miwili hadi sita. Vya silikoni hukaa miaka visipotoka, na daktari anaweza kuvitoa akitaka. Vipo pia vinavyosukumwa ndani kabisa ya mfereji, visionekane. Hivyo havichubui jicho, lakini vikileta maambukizi kuvitoa ni kazi.

Ushauri wangu, ambao ndio tuliopewa: anza na cha kuyeyuka, na anza na vitundu vya chini peke yake. Ukiziba vyote vinne siku ya kwanza, unaweza kuishia na machozi yanayomwagika mashavuni mchana kutwa. Cha majaribio kikikupa nafuu, kisha nafuu ikaondoka kinapoyeyuka, umepata jibu lako bila kujifunga.

Uhakiki wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliozikusanya tafiti za vizibo ulikuta kwamba ushahidi wake bado si wa kukata shauri. Wako wanaosaidika sana, wako wanaosaidika kidogo, na wako wasioona tofauti. Anayekuahidi kupona kabisa anakudanganya. Jaribio dogo kwanza ni bora kuliko ahadi kubwa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Hii ni fupi kuliko hofu yake. Hakuna kulazwa, hakuna kisu, hakuna sindano. Usipake wanja wala poda siku hiyo.

Mamangu alikaa kwenye kiti, kidevu kwenye kipumzisho cha darubini ya macho. Akatiwa tone la ganzi. Daktari akapima kitundu kwa kijiti chembamba, kwa sababu vizibo vina saizi: kikiwa kidogo kitachomoka, kikiwa kikubwa kitachubua. Akakitanua kitundu kidogo, akachukua kizibo kilichokaa kwenye ncha ya kifaa chake, akamwambia mamangu atazame juu na nje, akasukuma. "Umesikia nini, mama?" akamuuliza. "Nimesikia kama nimefinywa na mtoto mtanga," akajibu. Jicho la pili likafuata. Tuliingia na kutoka chumbani kwa muda usiotimia dakika kumi.

Niliomba kuangalia kwenye darubini. Pale palipokuwa na nukta tupu palikuwa na kifuniko cheupe kilicholala bapa ukingoni, kidogo hata kichwa cha pini ni kikubwa mbele yake. Yeye mwenyewe alilitazama jicho lake kwenye kioo, akasema kimeshonwa vizuri.

Hatua ya 7: Siku na miezi ya baadaye

Siku mbili tatu utahisi kitu kwenye pembe ya jicho. Huzoeleka. Machozi yanaweza kuzidi kidogo mwanzoni. Matone usiyaache siku hiyo. Endelea nayo, uyapunguze kadiri nafuu inavyokuja. Kitambaa cha moto kiendelee, ila vidole vikae mbali na pembe ya pua.

Kufikicha macho ndiyo adui mkubwa. Kizibo cha kushoto cha mamangu kilitoka wiki ya tano, alfajiri, akitawadha, kwa mkono uleule uliozoea kusugua pembe za macho kila sala. Hakuumia, na hata hakujua mpaka ukavu uliporudi. Kuchomoka ni jambo la kawaida sana kwa vizibo hivi, wala si dharura: rudi upimwe tena, pengine unahitaji saizi ya juu yake. Siku hizi anapitisha maji usoni na kupangusa pembe za macho kwa upole, kutoka puani kwenda nje.

Usijaribu kukisukuma wala kukivuta mwenyewe, hata kwa kibano kilichochemshwa.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona uvimbe au usaha kwenye pembe ya ndani ya jicho, wekundu unaoongezeka, maumivu, kuona kunakofifia, au kizibo kinachokwaruza kiasi cha kushindwa kufumbua. Kizibo kilichozama ndani ya mfereji kinaweza kuleta maambukizi, na daktari ndiye wa kukisafisha au kukitoa. Machozi yakimwagika mfululizo wiki kadhaa, mwambie pia. Cha silikoni kinatolewa kwa dakika moja.

Wale ambao vizibo viliwafaa lakini kila mara vinachomoka, daktari anaweza kuwashauri kitundu kichomwe kidogo kwa joto, kwa ganzi, kijifunge chenyewe. Hiyo ni hatua ya kudumu, na mtu asiikubali kabla ya kujaribu vizibo.

Mwezi wa Ramadhani uliingia mamangu akiwa na vizibo, na swali la mwanzo lilikuwa matone na funga, maana dawa huhisiwa kooni. Masheikh wetu wa Shafii husema kitiwacho jichoni hakifunguzi, hata ladha yake ikihisiwa kooni. Moyo wako ukisita, muulize sheikh wako, na panga matone mazito yawe ya daku na baada ya futari. Ila usiyaache mwezi mzima kwa shaka ambayo swali moja lingeiondoa.

Hatua ya 8: Andika

Daktari wa mwaka huu anaweza asiwe wa mwaka ujao, na mhudumu wa Lamu hajui alichokifanya mwenzake wa Mombasa. Omba kadi, na kama hawana, andika mwenyewe papo hapo: aina ya kizibo, saizi, kitundu gani, tarehe gani. Ongeza matokeo ya Schirmer kabla na baada, na majina ya matone unayotumia. Piga picha kwa simu, umtumie mtoto mmoja aliye makini.

Ya mamangu nimeiweka ndani ya kopo lake la uzi, kwa sababu ndilo kitu asichoweza kulisahau popote aendapo. Imeandikwa: silikoni, chini kulia, chini kushoto, cha kushoto kimebadilishwa saizi. Kwa nyuma ameandika mwenyewe, kwa penseli, siku alizoweza kushona hadi alasiri. Mwezi uliopita ni siku 19.